Mradi wa mwaka mmoja, shule ya miaka kumi na miwili: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hongera tena kwa kazi. Juzi kwenye simu uliniuliza mtu wa shirika la elimu ya watoto wakimbizi anashinda akifanya nini hasa, nami nikakujibu juujuu kwa sababu hapa palikuwa na wageni. Ujana wangu wote ulipita kwenye kazi hiyo, kwa hiyo acha nikujibu vizuri.

Kwanza, hutafundisha. Wengi hudhani watasimama mbele ya ubao huku watoto wakiwaitikia kwa sauti moja. Wewe utashinda na orodha: ya walioandikishwa, ya walioacha, ya walimu ambao posho yao haijatoka, ya wanaotakiwa kusajiliwa kwa mtihani. Zinachosha, lakini usizidharau. Jina likirukwa kwenye orodha ya watahiniwa, siku ya mtihani kuna mtoto atakayebaki nje ya mlango na kalamu yake mkononi.

Kitakachokunyima usingizi, hata hivyo, ni muda. Fedha za mfadhili huja kwa mwaka mmoja mmoja, mkibahatika miaka mitatu. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo anahitaji miaka kama kumi na miwili kumaliza sekondari. Na ukimbizi wenyewe haufuati kalenda ya mfadhili yeyote. Huko Kenya, kambi ya kwanza ya Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991 na ya Kakuma mwaka 1992, kuwahifadhi watu kwa muda tu. Leo wapo waliozaliwa humo ambao nao wana watoto wa kwenda shule. Basi kila mkikaa kupanga mradi, uliza hata kama watakuona mchokozi: fedha hizi zikiisha, mtoto huyu atasoma wapi?

Swali hilo limebadilisha mengi. Zamani ilikuwa kawaida kuwafungulia wakimbizi shule zao wenyewe, pengine kwa mtaala wa nchi waliyotoka, kwa matumaini kwamba watarudi kesho kutwa. Kesho kutwa haikufika, na vyeti vingine havikutambulika huku wala kule. Mwaka 2012 UNHCR, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilitoa mkakati wa kuwaingiza watoto kwenye mfumo wa elimu wa nchi inayowapokea: mtaala mmoja, mitihani ileile. Mkataba wa Kimataifa kuhusu Wakimbizi wa mwaka 2018 ukaongeza kwamba ikiwezekana mtoto asikae zaidi ya miezi mitatu tangu afike bila kuwa shuleni. Utakutana na watoto waliosubiri miaka. Lakini mimi nasimama upande wa mfumo wa nchi, kwa sababu shule ya serikali haifungwi siku mradi unapofungwa.

Hapo utakumbana na wazazi wenyeji, na usiwaone wabaya. Darasa lao lilishajaa kabla hamjafika. Ukileta madawati ya watoto wakimbizi peke yao, umepanda uadui kati ya watoto wanaochota maji bomba moja. Leteni ya wote, au subirini mpate ya wote.

Sasa nikueleze jambo ambalo ripoti hulipitia kwa sentensi moja: umri na darasa. Nilimfahamu kijana wa miaka kumi na minne aliyewekwa darasa la kwanza kwa kuwa hakujua lugha ya kufundishia. Kwao alikuwa amefika la sita. Magoti hayakuingia chini ya dawati, akawa anakaa upandeupande, miguu imejaa njiani, na wadogo wakimruka kwenda kusahihishiwa. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, alimfanya mbeba chaki na madaftari kwa sababu alikuwa na nguvu. Hazikupita wiki nyingi akaacha kuja. Aliyemrudisha ni mwalimu mwingine, naye mkimbizi, aliyemwandikia hesabu za sehemu na desimali kwenye kipande cha karatasi bila neno hata moja. Kijana alizimaliza zote na kuomba nyingine. Wakampeleka kwenye masomo ya kufidia, yale yanayobana miaka miwili ya mtaala ndani ya mmoja, akawa anajifunza lugha asubuhi na hesabu za rika lake mchana.

Kwa hiyo mpime mtoto anachojua kabla hujampima lugha. Na usimuulize kwa nini walikimbia. Unachohitaji ni kujua alifika darasa gani. Hayo mengine atamwambia amtakaye, akitaka.

Vyeti navyo vina kazi yake. Utamwona mzazi anafungua mfuko wa nailoni uliofungwa ndani ya mwingine, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka maandishi ya kwenye mkunjo yamefutika. Huo ndio urithi aliofanikiwa kuvuka nao mpaka. Toa nakala papo hapo, mrudishie yake mkononi, usiiache ofisini hata kwa usiku mmoja. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinampa mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia, na kinataja mpaka kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Kikariri. Kuna afisa utamkuta dirishani hajawahi kukisikia, na ukimsomea kwa upole mara nyingi analegea.

Kuhusu walimu sitakuwa na upole. Katika nchi nyingi mwalimu mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa, basi hulipwa kinachoitwa posho, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake raia wanayefundisha naye ukuta kwa ukuta. Akipata kibarua chochote kinacholipa zaidi, anaondoka, na huwezi kumlaumu. Mradi unaojaza gari mafuta huku ukichelewesha posho ya walimu, mimi siuiti wa elimu.

Wasichana ujiulize habari zao kila wiki: choo kinafungika? Taulo za kike zipo? Njia ya kurudi nyumbani ina watu? Wanapotea zaidi wanapoingia sekondari, na si wao tu. Ripoti ya UNHCR ya mwaka 2024 ilionyesha uandikishaji wa watoto wakimbizi kuwa asilimia 65 shule za msingi, 42 sekondari, na 7 tu elimu ya juu. Lengo ni kufika asilimia 15 huko juu ifikapo 2030. Kuna ufadhili wa chuo, kama ule wa DAFI ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani, lakini hauwezi kumfikia aliyeachia njiani darasa la saba.

Watu wa mawasiliano watakuomba picha ya mtoto anayelia. Wape ya mtoto anayeandika, na hata hiyo umwombe ruhusa yeye na mzazi wake kwa lugha wanayoielewa. Watoto nao watakuuliza utarudi lini. Ukiwa hujui, sema hujui. Wameshaahidiwa na wengi.

Unaingia wakati mgumu, hilo unalijua. Tangu Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, mashirika mengi yamepunguza watu na kufunga ofisi, na mkataba wako unaweza kuishia katikati ya muhula. Fanya kazi kama mtu atakayeondoka: daftari la mahudhurio na kumbukumbu za wanafunzi zibaki kwa mwalimu mkuu, si kwenye kompyuta yako peke yake.

Umesema Jumatatu unaanza kitengo cha uandikishaji. Kabla hujaomba orodha ya walio shuleni, omba ya walioacha muhula uliopita, uone kama ipo. Ikiwa haipo, anza kuiandika wewe, jina, darasa na mahali anapoishi, kisha uwatembelee walio karibu kwanza. Niandikie umekuta nini, na umsalimie mwenzako unayekaa naye.

Mama yako