Barua ya Malalamiko: Mkopo Uliochukuliwa kwa Kitambulisho Changu Kilichopotea

Langa Langa,
Nakuru.
14 Januari 2026.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mikopo ya Simu,
Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

MINT: MKOPO WA SHILINGI 14,800 AMBAO SIKUUCHUKUA, NA JINA LANGU KUPELEKWA CRB (KAMPUNI INAYOTUNZA KUMBUKUMBU ZA MIKOPO YA WATU)

Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Nakuru. Naandika baada ya kuwapigia simu mara sita na kuelezwa mambo sita tofauti, na sasa nataka jibu moja lililo kwenye karatasi, lenye jina na saini ya mtu.

Tarehe 11 Novemba 2025 nilikwenda kwenye Sacco yangu kuomba mkopo wa shilingi 180,000, ili ninunue nyuzi za sweta na mashine ya pili ya kufuma kabla ya shule kufunguliwa Januari. Nilikuwa na wadhamini watatu na akiba ya miaka tisa. Afisa wa mikopo, ambaye watoto wake huvaa sweta nilizofuma mimi, aliitazama kompyuta, akanyamaza, kisha akaigeuza ili nijionee mwenyewe: jina langu, nambari yangu ya kitambulisho, na mkopo wa kampuni yenu uliochukuliwa tarehe 3 Machi 2025, ambao haujalipwa hata senti moja. Sijawahi kuwa na programu yenu. Simu niliyokuwa nayo mwezi huo ilikuwa ile ya tochi tunayoiita mulika mwizi, ambayo haiwezi kubeba programu ya mkopeshaji yeyote, na ambayo, kwa bahati mbaya, haikummulika huyu.

Siku hiyo hiyo nilibonyeza *106# ili nione ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Mbili ni zangu. Ya tatu sikuijua. Dukani kwa kampuni ya simu nilielezwa kwamba ilisajiliwa tarehe 27 Februari 2025, siku nne tu kabla ya mkopo wenu, nikaomba ifungwe, ikafungwa. Nilipiga ripoti kituo cha polisi nikapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha nikachukua ripoti yangu ya CRB, ile ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, nikathibitisha kwamba deni pekee linalonichafua ni la kwenu.

Tarehe 24 Novemba mhudumu wenu mmoja, na huyu namshukuru, alinitumia picha zilizotumika kufungua akaunti. Naomba muitoe picha ya kitambulisho muitazame pamoja nami. Kadi imewekwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua. Kona yake ya chini, upande wa kulia, plastiki imejikunja na kuwa nyeupe. Alama hiyo naijua kwa sababu niliifanya mwenyewe, siku niliyosahau kitambulisho ndani ya mfuko wa aproni nikaipitishia pasi. Kadi hiyo ilipotea pamoja na pochi yangu kwenye stendi ya matatu mwezi Oktoba 2023, nikaripoti polisi, nikatengenezewa nyingine. Sasa tazameni nambari ya mfululizo ya kadi (serial number), ile iliyochapishwa juu, si nambari ya kitambulisho yenyewe. Nambari ya kitambulisho haibadiliki maisha yote, lakini nambari ya kadi hubadilika kila kadi mpya inapotolewa. Mliyopewa ni ya kadi iliyopotea. Kufikia Machi 2025 kadi hiyo ilikuwa na zaidi ya mwaka mzima tangu nafasi yake ichukuliwe na nyingine, nanyi mkaipokea kana kwamba imetoka ofisini jana.

Kuhusu picha ya uso, sitasema mengi. Ni mtu aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi, katika chumba chenye giza. Mwanangu wa Gredi ya 4 aliulizwa kama ni mimi, akacheka.

Kadi iliyopotea, uso usiolingana na ulio kwenye kadi, na laini yenye umri wa siku nne: hayo yote yalikuwa mbele yenu kabla hamjatoa fedha. Simlaumu mhudumu. Naulaumu utaratibu unaotoa mkopo kwa dakika tano, kisha ukihitaji kurekebisha kosa lake huchukua miezi miwili bila kufika popote.

Jambo lililonikera kuliko yote ni ushauri niliopewa mara tatu na wahudumu watatu: kwamba nilipe tu hizo shilingi 14,800, nipate cheti cha CRB cha kuonyesha sidaiwi, niendelee na shughuli zangu. Mmoja alinikumbusha kwamba si fedha nyingi. Kwa kanuni za CRB, habari za mkopo ulioshindwa kulipwa hukaa kwenye kumbukumbu kwa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Kwa hiyo nikilipa, nitakuwa nimekiri kwamba deni lilikuwa langu, na hadi mwaka 2031 kila mkopeshaji atakayenifungulia faili atasoma kwamba niliwahi kukopa nikakaidi, kisha nikalipa. Sitaki kuandikwa kuwa mdeni aliyetubu, kwa sababu sikukopa. Kumbukumbu hiyo haitakiwi kusema "amelipa". Inatakiwa ifutwe, na faili yenu ionyeshe kwamba mkopo ulichukuliwa kwa ulaghai.

Niliuliza pia kuhusu notisi ya siku 30 ambayo mkopeshaji hutakiwa kumpa mteja kabla ya kupeleka jina lake CRB. Niliambiwa ilitumwa. Ilitumwa kwa laini ya mwizi. Na tangu nilipowapigia simu ya kwanza kulalamika, wakusanyaji wenu wa madeni wameanza kunipigia kwenye laini yangu halisi, wakati mwingine saa kumi na mbili asubuhi, maana yake ni kwamba nambari niliyowapa ili mnisaidie mmeiweka kwenye orodha ya wadaiwa.

Nataka katika muda wa siku 14 muiandikie CRB ifute taarifa hiyo, mniletee nakala ya barua hiyo, muondoe laini yangu kwa wakusanyaji wenu, na mumpe mpelelezi mwenye nambari ya OB niliyoambatisha kumbukumbu za akaunti hiyo, hasa mahali fedha zilipotolewa, maana kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya mwaka 2018, nanyi ndio mlio na nyayo zake. Haki ya kusahihishiwa taarifa zisizo za kweli nimepewa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria hutakiwa kuyamaliza katika siku 90, na nakala kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali.

Shule zimekwisha funguliwa. Nilifuma sweta 70 kwa mashine moja, nikawarudisha wazazi wengine mlangoni, na msimu wa sweta hauji mara mbili kwa mwaka. Hasara hiyo nimeipigia hesabu kwenye kiambatisho cha mwisho, nami naomba muijibu pia.

Jina langu kamili, nambari ya kitambulisho na simu vimo kwenye bahasha ndogo iliyofungwa ndani ya hii, kwa kuwa barua hupita mikono mingi. Nakala ya kitambulisho nimeichora mistari miwili kukatiza katikati na kuandika juu yake kwa wino mwekundu: "Kwa malalamiko haya pekee, 14/1/2026." Mkiiona mahali pengine popote, mtajua imetoka kwenu.

Wenu,
Mlalamishi,
Fundi wa sare za shule, Nakuru.