Lamu Mashariki isimezwe na bara

Mhariri,

Juma lililopita msomaji wenu mmoja alidai jimbo letu la Lamu Mashariki halistahili mbunge wake, maana sensa ya 2019 ilihesabu watu 22,258 tu na wastani wa jimbo nchini Kenya ni kama 164,000. Hesabu yake ni sawa, ila bahari hakuitia.

Mimi ni nahodha, napeleka abiria kutoka Faza hadi Lamu mjini. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tunamopita, ukiukuta maji yamekupwa, utatia nanga usubiri yajae, uwe na mgonjwa au huna. Msimu wa kusi ndio usiseme. Na hapo sijafika Kiunga wala Basuba, kata nyingine za jimbo hili.

Wenzetu wa Uskoti waliyaona haya. Visiwa vya Lewis, Harris, Uist na Barra zamani vilipiga kura pamoja na bara, tena vikiwa vimegawanywa: Lewis upande wa Ross-shire, Harris na vya kusini upande wa Inverness-shire. Na Lewis na Harris ni nchi kavu moja! Mwaka 1918 wakapewa jimbo lao, Western Isles. Malcolm Macmillan alilishika tangu 1935 hadi alipoangushwa 1970 na Donald Stewart, aliyewahi kuwa meya wa Stornoway. Mwaka huo hicho ndicho kiti pekee walichopata SNP, chama cha kudai uhuru wa Uskoti ambacho baadaye kilikuja kuiongoza serikali ya Uskoti. Kumbe kiti cha visiwani si cha kudharau.

Jina hilo liliondolewa 2005, jimbo likaitwa kwa Kigaeli, Na h-Eileanan an Iar, mipaka haikuguswa. Sheria ya 2011 ya kusawazisha majimbo ya Uingereza ikalitoa waziwazi katika hesabu, pamoja na Orkney na Shetland, ingawa lina wapiga kura kama 21,000 tu.

Sisi kinga ya katiba ya 2010 ya kutofuta jimbo ilikuwa ya mapitio ya kwanza ya mipaka, yaliyokwisha pita, basi. Hata ile nafuu ya Kifungu cha 89, inayoruhusu jimbo la sehemu zenye watu wachache kupungua chini ya wastani kwa asilimia 40, haitufikii. Tukiunganishwa na Lamu Magharibi yenye watu 121,662, nani atavuka kuja kuomba kura Kizingitini?

Wabunge wa pwani wapeleke mswada wa kuvikinga visiwa kabla tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) haijaanza kuchora mipaka mipya.

Nahodha wa mashua,
Faza, Lamu