YAH: LEZA MLIZOTUUZIA NA JIBU LA MHANDISI WENU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Naingia moja kwa moja, maana masharti ya udhamini wenu mnayajua kuliko mimi.

Tuliagiza moduli za leza ya DFB (leza inayotoa rangi moja tu ya mwanga), urefu wa wimbi nanomita 1550, za njia ya faiba ya kilomita 80. Lebo zinasema hivyo hivyo. Ndani mmeweka Fabry-Perot, leza inayotoa rangi kadhaa zilizo karibu karibu. Kwenye kipima spektra, badala ya mstari mmoja mwembamba, kimetokea kichaka cha vilele kilichotanda zaidi ya nanomita 2. Picha mnayo.

Halafu mhandisi wenu, kwenye simu ya pamoja, mteja wangu akisikiliza, ananiambia: "Safisha ncha za faiba, ndugu. Leza zetu hazina shida." Akakata.

Uchafu hupunguza nguvu ya mwanga, hauzalishi vilele. Kwenye faiba ya kawaida, mwanga wa nanomita 1550 hutawanyika kimuda takriban pikosekunde 17 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) kwa kila nanomita ya upana wa spektra, kila kilomita. Pigeni hesabu: nanomita 2 kwa kilomita 80 ni pikosekunde 2,720, na kwa kasi ya gigabiti 1.25 biti moja ina pikosekunde 800 tu. Biti zinapandana. Ndiyo maana leza hizi zinafanya kazi kwenye faiba fupi ya maabara, ila kwenye njia yenyewe biti hazisomeki hata nguvu ya mwanga ikitosha. Yote haya nilishawaandikia kabla ya ile simu.

Na hiyo simu nairudia, kwa sababu imenikaa kooni. Nilimuuliza kama ameifungua picha. Akasema hana haja ya kuiona. Nikamwomba, kwa adabu kabisa, atazame upana wa spektra tu. "Safisha ncha za faiba, ndugu." Laini ikakatika, na mteja wangu akauliza, "Hawa ndio unaonunua kwao?" Ncha zilikuwa zimesafishwa na kukaguliwa kwa hadubini kabla ya kuchomekwa popote!

Mwanzoni nilitaka kubadilishiwa tu. Sasa nataka DFB halisi, kila moja na ripoti yake ya spektra, usafirishaji juu yenu, pamoja na fidia ya kazi iliyosimama. Mhandisi aombe radhi kwa maandishi, nakala kwa mteja wangu. Zikipita siku 14 kimya, nitadai fedha zote, na lebo zenu pamoja na picha hizo zitakuwa mezani kwa wakili wangu.

Tafadhali msinitumie fomu nyingine ya kujaza.

Wenu,
Mkandarasi wa mitandao ya faiba