Shukrani kwa kaka wa boda wa Tengeru

Jamani hili acha niliseme hadharani. Bibi yake mume wangu ni Mpolandi, tunamwita Babcia kama wanavyoita kwao, yuko Chicago na miguu haimruhusu tena kusafiri. Alifika Tengeru, hapa karibu na Arusha, 1942 akiwa mtoto mkimbizi wa Vita ya Pili ya Dunia, Wasovieti walishawapeleka Siberia kwanza ndo wakatokea Irani, na kwenye kambi ya wakimbizi ya Tengeru walikuwa Wapolandi kama 5,000 hivi, wengi kina mama na watoto. Mama yake alifia hapo hapo akazikwa.

Basi tumeenda kulitafuta kaburi, gari la kukodi likazima sokoni Jumamosi ya gulio, mvua hiyo, mtoto analia. Kaka mmoja wa boda akashusha mikungu yake ya ndizi, akanipeleka mimi na mtoto, akamrudia mume wangu, akampigia mlinzi wa makaburi aje afungue geti. Na hakuondoka! Alichota maji na kidumu, akavua kitambaa cha shingoni akawa anasugua kuvu kwenye mawe huku namtajia herufi za jina moja moja, jiwe la nne ndo lenyewe. Tukampigia Babcia video, kwao alfajiri, akanyamaza weee halafu akamwambia yule kaka "asante sana" kwa Kiswahili, sisi hatukujua hata kama anakikumbuka.

Hela kakataa, kanywa soda tu. Jina sikumuuliza, uzembe wangu. Anayemjua, helmeti nyekundu imepasuka kioo, amwambie picha ya kaburi iko kwenye friji ya Babcia.