Kabla hujakubali iformatiwe

Halima mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima. Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho, na kilichonishtua si habari ya kompyuta kugoma, maana kompyuta zote hugoma. Kilichonishtua ni pale uliposema yule kijana ameitazama kidogo tu akakata shauri kwamba dawa yake ni kuiformati, yaani kufuta diski yote na kuanza upya. Tafadhali mwambie asubiri. Picha za harusi zimo humo, tasnifu yako imo humo, na kwa maneno yako mwenyewe huna nakala kwingine kokote.

Kuformati kunatibu ugonjwa mmoja tu, nao ni Windows iliyovurugika. Kama kilichoharibika ni ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), pawa saplai (kisanduku kinachoigawia umeme) au diski (panapokaa faili), mtafuta kila kitu, mtasakinisha upya, na wiki haitaisha kabla mashine haijazimika vilevile. Mafundi wengi hukimbilia huko kwa sababu ni kazi rahisi na haihitaji kufikiri. Samahani kwa ukali, lakini nimeona watu wakipoteza kazi za miaka kwa namna hiyo.

Kwanza tujue inafia wapi. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha usiguse kitu, tazama na usikilize. Feni zinazunguka? Inatoa mlio wowote? Nembo ya mtengenezaji inatokea kwenye skrini? Au inafika mpaka kwenye Windows ndipo inazimika?

Ikiwa kimya kabisa, hakuna taa wala feni, anza na umeme: soketi, ekstensheni, waya wa nyuma, na ile swichi ndogo ya pawa saplai ambayo mtoto au ufagio huigusa bila mtu kujua. Vyote vikiwa sawa, huenda pawa saplai imekufa. Hiyo hubadilishwa nzima, haichokonolewi. Usikubali mtu aifungue, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme, hubaki na umeme wa hatari.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, hapo mimi hushuku ramu kabla ya kitu kingine. Kompyuta hujipima yenyewe kila inapowashwa, kabla hata haijaigusa Windows, na isipoiona ramu, kompyuta nyingi hupiga milio. Andika milio hiyo ilivyo, mirefu mingapi na mifupi mingapi, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpangilio wake na maana yake imo kwenye kitabu cha mazabodi, yaani bao kuu la ndani linalounganisha vifaa vyote. Nyingine hazina spika ya ndani, huonyesha taa ndogo kwenye mazabodi badala yake.

Ramu unaweza kuishughulikia wewe mwenyewe. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha na ushike chuma chake kitupu ili umeme tuli wa mwilini ukutoke. Ramu ni vile vibao virefu vyembamba vilivyosimama kando ya feni ya prosesa (ubongo wa kompyuta). Sukuma kishikizo cha pembeni (baadhi zina viwili), na kibao kitachomoka. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia au yana utando, yasugue polepole kwa ufutio mweupe wa penseli, pangusa mabaki yote, na usiyaguse kwa vidole. Wakati wa kurudisha utaona chini ya kibao kuna mkato ambao hauko katikati sawasawa. Kwa hiyo kinaingia kwa upande mmoja tu, usikilazimishe. Kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie kishikizo kinafunga. Watu wengi huacha ncha moja ikiwa juu kidogo, kisha wakasema ramu imeungua. Ukiwa na vibao viwili, jaribu kimoja kimoja. Kile kikiwekwa peke yake mashine inagoma, mchawi ndiye huyo.

Umesema pia wakati mwingine inawaka, inafanya kazi kidogo halafu inazimika ghafla, hasa watoto wakicheza gemu. Hiyo inanukia joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujizimisha ili isiungue. Puliza vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yaliyo chini yake, ila zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Na kuhusu saa kurudi nyuma miaka kila unapoichomoa ukutani, hilo lisikusumbue: ni betri ya mazabodi imeisha, ile ya duara kama kitufe cha koti. Nyingi ni CR2032 ya volti 3. Ibadilishe, kisha uweke tarehe upya.

Ikitokea ile skrini ya buluu ambayo Windows huonyesha ikianguka, piga picha kwa simu kabla haijapotea. Maandishi ya chini ndiyo ninayoyataka. MEMORY_MANAGEMENT hunirudisha kwenye ramu. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski yake.

Sasa faili zako, na hapa nakuomba usifanye haraka. Kama diski ni ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, na unasikia inagonga tik, tik, tik, zima hapo hapo na usiiwashe tena. Mtafute mtu ambaye kazi yake hasa ni kuokoa data, kwa maana kila unapoiwasha unaiharibu zaidi. Diski za SSD, zile mpya zisizo na kitu kinachozunguka, hazigongi, hufa kimyakimya. Kama hakuna sauti ya kugonga, tumia kompyuta ya shemeji: pakua Ubuntu au Linux Mint (mifumo ya bure inayoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows), iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu maalumu ya kazi hiyo, maana kunakili faili tu hakutoshi. Chomeka flashi kwenye mashine iliyogoma, iwashe huku ukibonyezabonyeza F12 (au Esc, au F2, inategemea mashine) na uchague kuanzia kwenye flashi. Itakapokuuliza, chagua kujaribu, usichague kusakinisha. Fungua diski yako, nakili makabrasha yako kwenye diski ya nje. Ikikudai ufunguo wa tarakimu 48, usitishike. Diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, na mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Ukarabati wa Windows uje baada ya hapo, si kabla. Hata chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski ambayo kila mtu huipendekeza, usiikimbize kwenye diski unayoishuku wakati picha bado zimo ndani. Faili zikishatoka, jaribu ukurasa wa ukarabati ambao Windows huufungua yenyewe ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo. Virusi? Inawezekana, lakini kwa dalili ulizonieleza siwafikirii kwanza.

Niandikie inafia wapi, milio ikoje, na unitumie ile picha ya skrini ya buluu. Badili kitu kimoja kwa wakati ili tujue kipi kimesaidia. Na ukishahakikisha tasnifu inafunguka kwenye kompyuta nyingine, yule kijana akitaka kuformati, mwache aformati.

Wako,
Zuhura