Januari hii tuache kusafisha nyota, tuifuate ile ya Bethlehemu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni na Epifania, siku ya kuwakumbuka mamajusi, wale wataalamu wa nyota wa mashariki waliokuja kumwona mtoto Yesu, ndio hii imefika, watu wengi wanaona sikukuu zimeisha tarehe 25 na tarehe 1, mti wa Krismasi umeshakunjwa uko juu ya kabati, na tarehe 6 inapita kimya kama siku ya kawaida. Wakatoliki tunaiita pia Tokeo la Bwana, Walutheri wanayo, Waanglikana wanayo, na ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia ikifika tarehe 19 Januari wanafanya Timkat, wanakumbuka ubatizo wa Yesu mto Yordani, watu wanafurika barabarani na nguo zao nyeupe. Ni siku kubwa jamani, tusiiache ipite hivi hivi.

Kinachoniuma ni hiki. Hapa Morogoro mwezi huu ukitembea mtaani angalia nguzo za umeme, vikaratasi vimebandikwa, namba ya simu na maneno yale yale, kusafisha nyota, kurudisha nyota iliyoibiwa, kufungua biashara. Na mitandaoni ndio usiseme. Januari watu wamebanwa, kodi inadaiwa, watoto wanafungua shule, hata kwa elimu bila ada bado mzazi anahangaika na sare na viatu na madaftari na michango, sasa mtu akija akakwambia shida zako zote ni kwa sababu kuna mtu ameifunika nyota yako, ukiwa umechoka unaamini. Wanaoenda ni sisi sisi, tunaokaa mbele kanisani, tena wanaenda usiku ili asiwaone mtu.

Mimi ni mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu, lile shirika la Kikatoliki la watoto, parokiani kwetu kwa hiyo Mathayo sura ya 2 naisoma na watoto kila mwaka, na kila nikiisoma naona hao mamajusi wana la kutuambia hapo hapo kwenye hofu yetu ya Januari. Walipofika Yerusalemu walisema "tuliiona nyota yake mashariki, nasi tumekuja kumsujudia". Nyota yake, ya yule mtoto. Hawakuja kuuliza mwaka wao utakuwaje wala nani kawaloga, walikuja kumtafuta mtu.

Halafu angalia ujasiri wao. Watu wageni, wanaingia mji wa Herode, wanauliza hadharani yuko wapi mfalme aliyezaliwa. Herode huyu alishamuua mke wake Mariamne, na hata wanawe wa kuwazaa hawakusalimika kwa sababu ya hofu yake ya kunyang'anywa kiti. Kuuliza swali lile pale ilikuwa ni kuweka roho yako rehani, ndio maana Mathayo anasema Herode alifadhaika na Yerusalemu yote pamoja naye. Wakaitwa makuhani wakuu na waandishi, wakajibu bila hata kusitasita, Bethlehemu, kama alivyoandika nabii Mika. Andiko walikuwa nalo kichwani kabisa! Na Bethlehemu kutoka Yerusalemu ni kilometa 9 hivi, ni kama mtu wa Dar atoke Posta aende Mwenge, lakini kwa jinsi Mathayo anavyosimulia hakuna hata mmoja wao aliyenyanyuka. Walionyanyuka ni wale wageni wasiokuwa na andiko. Hapo huwa nanyamaza kidogo mbele ya watoto, maana mimi pia andiko ninalo.

Kuna kitu kingine ambacho watu tunakiruka. Tumezoea picha za nyota inawaka juu ya ngamia safari nzima kutoka nyumbani mpaka kwa mtoto, ila ukisoma taratibu Biblia haisemi hivyo. Inasema waliiona mashariki, kisha inasema wapo Yerusalemu wanauliza njia, kisha wakishatoka kwa Herode ndio nyota inawatangulia tena, "nao walipoiona ile nyota, walifurahi furaha kubwa mno". Mtu hafurahi kiasi kile kwa kitu alichokuwa anakitazama muda wote, mimi naamini kuna kipande cha safari walikwenda bila kuiona, wakawa wanauliza watu tu na kusonga mbele. Na hiyo furaha imekuja wakiwa bado njiani, mtoto hawajamwona, zawadi bado ziko kwenye mizigo. Hili linanipa nguvu sana. Mungu hajaahidi taa kila hatua, na ukifika kipande cha giza haina maana nyota yako imeibiwa.

Kwenye jumuiya yetu yupo mama mmoja mjane, ana genge la mboga na dagaa. Mwaka jana mwezi kama huu biashara ilikuwa imelala, akaambiwa atoe laki na themanini nyota yake isafishwe, na hela aliyokuwa nayo ni ile ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, ameifunga kwenye kitambaa cha kitenge. Alikuja kwangu jioni akakaa kibarazani, kile kitambaa anakizungusha tu mkononi, akaniambia mwalimu mimi simwogopi yule mganga, naogopa nisipoenda halafu mtoto akapatwa na kitu nitajilaumu maisha yangu yote. Sikuwa na jibu la haraka. Tukasoma Mathayo 2 pamoja, mpaka pale mamajusi wanapoonywa ndotoni wasimrudie Herode, wakaenda zao kwao kwa njia nyingine. Akakaa kimya, kisha akasema basi na mimi ngoja nipite njia nyingine. Hakwenda. Sitawadanganya kwamba kesho yake genge lilijaa wateja, haikuwa hivyo, kodi alikuja kuimaliza mwezi wa nne kwa kudunduliza. Ila mtoto aliripoti shule na viatu vyake vipya, na yule mama hofu ilimtoka, anasalimia watu kwa sauti, anacheka, kwaya amerudi. Ile ndio furaha ninayoisema mimi.

Na sasa niwaambie wazazi habari ya watoto maana wengi hawajui Epifania ni siku yao. Utoto Mtakatifu ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, na mpango wake ulikuwa mwepesi, kila mtoto asali Salamu Maria moja kila siku na atoe senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzake wa nchi za mbali. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 akaiweka siku yao duniani kwenye Epifania. Sasa tukumbuke Bagamoyo, wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni pale mwaka 1868 walikuwa wanakomboa watoto waliouzwa utumwani, na sehemu ya hela ile ilitoka kwenye shirika hili, yaani senti za watoto wa Ulaya ambao Bagamoyo hawakuiona hata kwenye picha. Zawadi za mamajusi ziliingia nyumbani kwa mtoto maskini na zile senti nazo zilifika kwa watoto wenye shida, mimi naona ni safari ile ile inaendelea.

Watoto wetu siku hiyo wanavaa taji za manila, wanaleta sabuni ya mche, sukari, madaftari, halafu baada ya misa tunaenda nao wodi ya watoto. Mwaka jana kitoto cha darasa la pili kilikuwa na daftari moja tu kimelishika kwa mikono miwili, kilipofika kwenye kitanda kikamwangalia mgonjwa, kikavua na taji lake kikampa. Hakuna aliyekiambia. Mama wa mgonjwa alilia, na mimi nikalia.

Kwa hiyo wazazi, Jumapili ya Epifania waleteni watoto hata kama hawana sare ya Utoto Mtakatifu, taji tutawakatia pale pale, na kama hakuna cha kuleta waje hivyo hivyo. Mapadre na wachungaji wetu, siku hiyo hiyo naomba hili la kusafisha nyota mlitaje mimbarini waziwazi, bila kuwaaibisha watu, maana waliokwenda walikwenda kwa hofu na wanahitaji mtu wa kukaa nao. Na wewe msomaji kama unamjua jirani ambaye hela ya shule ya mtoto iko njiani kwenda kwa mganga, mfuate leo, usingoje Jumapili.

Mlezi wa Utoto Mtakatifu,
Morogoro