Takwimu za kaboni bila sampuli tupu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa yenu juu ya miamba ya udongo wa mfinyanzi inayochunguzwa kwa ajili ya kuzikia taka za nyuklia. Mwandishi wenu alitueleza kwamba mwamba huo ni mkavu, na kwamba mata ogania, yaani masalia ya viumbe yenye kaboni, iliyokutwa ndani yake ni uchafu usiostahili kujadiliwa. Kisha, aya mbili mbele, akatupa takwimu ya kaboni ya uchafu huohuo iliyoyeyuka majini, bila kusema maji yake yalipatikanaje.

Mwamba huo si mkavu. Ule unaochunguzwa katika kijiji cha Bure, nchini Ufaransa, kwenye kina cha mita 490 hivi, una umri wa takriban miaka milioni 160, na vitundu vyake, ambavyo vingi ni vya kupimwa kwa nanomita (sehemu za bilioni za mita), vimejaa maji. Maji hayo karibu hayatiririki kabisa, na kilichoyeyuka ndani yake husogea kwa mtawanyiko wa molekuli tu, polepole mno. Humo mna masalia ya viumbe waliozikwa pamoja na tope la bahari ya kale: asidi ndogo kama ya siki, na molekuli kubwa zaidi, ambazo ni nyingi hasa katika mfinyanzi wa Boom kule Mol, Ubelgiji. Baadhi ya molekuli hizo hushikamana na elementi nururifu na kuzizuia zisinate kwenye mwamba, na nyingine ni chakula cha bakteria. Kwa hiyo anayeziita uchafu anakitupa kitu ambacho watu wameshuka chini ya ardhi kukitafuta.

Uchafu wenyewe ninaujua, kwa kuwa uliwahi kuniaibisha. Nikiwa fundi wa maabara ambayo sitaitaja, niliupondaponda mwamba, nikauloweka, nikayachuja yale maji na kuyapima, nikapata kaboni nyingi kiasi kwamba mkuu wangu aliiandika takwimu ile katika ripoti siku hiyohiyo, huku akinipongeza. Mimi sikulala vizuri. Kwa majuma matatu nilisugua chupa, nikabadilisha glovu, nikaacha hata kujipaka mafuta mikononi, mpaka siku moja nikapitisha maji safi yasiyogusa mwamba wowote katika chujio jipya lililotoka kwenye pakiti, na kaboni ikatoka karibu sawa na ile ya mwanzo: lilikuwa limepakwa gliserini kiwandani ili lisikauke, nasi hatukuwa tumelisuuza. Nilipopeleka habari hizo niliambiwa ripoti imekwisha kwenda, na sahihisho langu likawekwa kwenye tanbihi ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ambazo hata mimi niliyeliandika nililazimika kuvaa miwani ili nizisome. Linganisha na watafiti wa maabara ya chini ya ardhi ya Mont Terri, Uswisi, ambao katika jaribio lao la kemia ya maji ya vitundu waliona salfeti ikigeuzwa kuwa salfidi na bakteria, wakafuatilia chanzo cha chakula chao hadi kwenye gliseroli, ndiyo gliserini ileile, ya jeli iliyokuwa ndani ya elektrodi (vijiti vya kupimia) zao wenyewe, na wakalichapisha jambo hilo wazi ili wengine wajifunze.

Na hilo neno “iliyoyeyuka” mnalolitumia bila wasiwasi! Kwa desturi ya maabara nyingi maana yake ni kwamba kitu kimepita katika chujio la mikromita 0.45 (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita), tundu ambalo chembe ndogo za mfinyanzi wenyewe hupita bila kubisha hodi. Isitoshe, maji yaliyokamuliwa kwa shinikizo si sawa na yaliyodondoka yenyewe katika kisima cha uchorongaji, wala na yale ya unga uliokwisha kuguswa na hewa.

Naomba basi kila mnapochapa miligramu za kaboni kwa lita, muweke kando yake namna maji yalivyopatikana na kipimo cha sampuli tupu, yaani maji safi yaliyopitia vyombo vilevile bila mwamba. Kama nafasi ni finyu, iondoeni ile picha ya bwana mwenye kofia ngumu anayetabasamu huku amekumbatia kipande cha mwamba kwa mikono mitupu.

Msomaji wenu,
Fundi wa maabara mstaafu